Mwaka Mmoja na Seva ya Kukodi Maskati: Tathmini ya Huduma na ya Soko Linaloiuza

Mwaka mmoja uliopita kampuni yetu ya biashara, ambayo ina duka katika mtaa wa Ruwi hapa Maskati, ghala katika mji wa pwani wa Barka na wakala mmoja Unguja, ilihamisha hesabu zake zote kutoka kwenye seva (kompyuta inayotunza kazi za ofisi na kuzitoa kupitia mtandao) iliyokuwa Ujerumani na kuziweka katika seva ya kukodi ndani ya kituo cha data, yaani jengo la kutunzia seva nyingi, cha hapa Maskati. Mimi ndiye niliyesimamia uhamisho huo, tangu barua ya kwanza ya kuomba bei hadi siku seva ya Ujerumani ilipozimwa, na kwa mwaka mzima nimeandika daftarini kila jambo lililotokea: siku mfumo uliposimama, muda tuliosubiri kujibiwa, na kila riali tuliyotozwa. Tathmini hii inatokana na daftari hilo. Jina la mtoa huduma naliacha kwa makusudi, kwa kuwa nilizungumza na wengine watatu kabla ya kusaini, na nikaona kwamba sifa zake na upungufu wake ni vya soko la teknolojia ya habari la Oman kwa jumla kuliko kuwa vyake peke yake.

Soko hilo linatazamiwa kukua, na matarajio yenyewe yamewekwa wazi na serikali. Katika mpango wa taifa wa uchumi wa kidijitali, unaofuata Dira ya Oman 2040, lengo ni kuinua mchango wa sekta hii kutoka asilimia 2 hivi ya pato la taifa mwaka 2021 hadi asilimia 10 ifikapo mwaka 2040. Kila muuzaji niliyekaa naye alianza mazungumzo kwa kuutaja mpango huo. Mimi naamini kwamba ukuaji huo unawezekana, lakini baada ya mwaka huu mmoja naamini pia kwamba utategemea jambo ambalo halikutajwa na hata mmoja wao, nalo ni kama huduma hizi zitamfikia mfanyabiashara mwenye wafanyakazi kumi kwa bei anayoweza kuisoma na kwa uangalizi uleule anaoupata mteja mkubwa.

Sababu ya kwanza ya kuhama ilikuwa umbali. Hesabu za stoo zinapokuwa Ujerumani, kila karani anapobonyeza kitufe Ruwi, ombi lake husafiri chini ya bahari hadi Ulaya na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Safari hiyo tuliipima ikichukua zaidi ya milisekunde 100 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na kwa kuwa programu yetu ya stoo ni ya zamani na hutuma maombi kadhaa kwa kila ankara moja, karani alikuwa akisubiri sekunde nzima au mbili kati ya bidhaa na bidhaa. Sasa ombi lilelile huchukua chini ya milisekunde 10. Mtu asiyefanya kazi ya kuingiza bidhaa mia tatu kwa siku anaweza kuona kwamba tofauti hiyo ni ndogo, ilhali makarani wetu waliitambua siku ya kwanza, kabla sijawaambia kwamba seva imehamishwa.

Sababu ya pili ilikuwa hofu, na hofu hiyo ina tarehe. Mnamo Februari 2024 mikongo kadhaa ya mawasiliano, yaani nyaya za intaneti zinazolazwa chini ya bahari, ilikatika katika Bahari ya Shamu, miongoni mwake AAE-1, EIG na SEACOM, na watumiaji wengi wa pande zetu za dunia wakaona jinsi mawasiliano na Ulaya yanavyopita katika mlango mwembamba. Miezi mitatu baadaye, Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na wakala wetu wa Unguja akakaa siku kadhaa akituma hesabu kwa picha za simu. Mzee wetu, mwenye kampuni, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini vitabu vya duka la Ruwi vikae mahali ambapo meli ikikwaruza sakafu ya bahari kwa nanga, sisi tunashindwa kujua tuna magunia mangapi ghalani?

Sababu ya tatu ni sheria. Oman ilitoa sheria ya kulinda taarifa binafsi kwa amri ya kifalme nambari 6 ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Februari 2023. Sheria hiyo inaweka masharti kwa anayepeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sisi tuna majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wateja wanaonunua kwa mkopo. Haikatazi moja kwa moja kuziweka Ulaya, ila inamtaka mwenye biashara ajue anachofanya na aweze kukieleza. Kwa kampuni isiyo na mwanasheria wake, kuziweka taarifa hizo nchini ni njia nyepesi zaidi ya kulala usingizi.

Huduma tuliyokodi ni seva moja ya wingu, yaani sehemu ya kompyuta za mtoa huduma tunayoitumia kupitia mtandao, yenye nafasi ya kutosha kwa programu ya stoo, barua pepe za kampuni na nakala za akiba za kila usiku. Tunalipa riali 45 kwa mwezi, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ambayo Oman ilianza kuitoza Aprili 2021. Kwa kuwa riali imefungwa kwenye dola kwa thamani ya takriban dola 2.60, hiyo ni kama dola 117 kabla ya kodi, karibu mara mbili ya tuliyokuwa tukilipa Ujerumani kwa seva yenye nguvu hiyohiyo. Siilalamikii tofauti hiyo kwa ukubwa wake, kwa maana kasi na utulivu wa moyo vina thamani. Ninachokilalamikia ni njia niliyopitia hadi kuijua.

Hakuna hata mmoja kati ya watoa huduma wanne niliowaendea aliyekuwa na bei kamili kwenye tovuti yake. Kila mmoja alitaka kwanza nakala ya cheti cha usajili wa biashara, kisha kikao, kisha fomu ya kueleza mahitaji, na baada ya hapo ndipo karatasi ya bei ikaja, moja baada ya siku tatu na nyingine baada ya siku kumi na mbili. Bei mbili kati ya hizo zilishuka kwa theluthi nzima niliposema kwamba nitafikiri. Ujerumani nilikuwa nimefungua akaunti kwa kadi ya benki usiku wa Ijumaa, na seva ikawa tayari kabla sijamaliza kikombe cha chai. Taratibu za hapa zimeundwa kwa ajili ya zabuni: mnunuzi ni wizara, kampuni ya mafuta au benki, ana idara ya manunuzi, na anategemea kubembelezwa. Mwenye duka hana idara hiyo, na akikutana na ukimya kwa siku kumi na mbili hurudi kwa mtoa huduma wa ng'ambo, au hubaki na kompyuta yake iliyo chini ya meza ya kaunta.

Namna soko hili lilivyokua inaeleza kwa nini liko hivyo. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi, mlezi na mwalimu wake. Eneo la teknolojia la Knowledge Oasis Muscat lilifunguliwa mwaka 2003, mamlaka ya teknolojia ya habari ikaundwa mwaka 2006, sheria ya miamala ya kielektroniki ikatoka mwaka 2008, na kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kikaanza mwaka 2010. Msingi huo ulijengwa vizuri, hata Oman ikashika nafasi ya nne duniani katika kipimo cha usalama wa mtandao kilichotolewa mwaka 2017 na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, nafasi ambayo nchi nyingi tajiri kuliko yetu hazikuifikia. Hata hivyo soko linalolelewa na hazina ya serikali hupumua pamoja na bei ya mafuta. Bei ilipoporomoka kuanzia katikati ya mwaka 2014 bajeti zilibanwa, na ilipoanguka tena mwaka 2020 zikabanwa zaidi. Katika nyakati kama hizo mradi wa kompyuta ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuahirishwa. Ndiyo maana nasema ukuaji wa kudumu uko kwa wafanyabiashara wadogo walio wengi, ambao mahitaji yao hayapandi wala kushuka pamoja na pipa la mafuta.

Mahitaji hayo yameanza kuonekana. Tangu Januari 2022 serikali imezitaka biashara za aina nyingi, zikiwemo za vyakula, dhahabu, vifaa vya ujenzi na vya umeme, kuwa na njia ya kupokea malipo ya kielektroniki. Jirani yetu hapa Ruwi, muuzaji wa mboga, hakuwa na kumbukumbu yoyote isipokuwa ile ya kichwani mwake. Sasa mashine ya kadi humpa hesabu ya kila siku, na juzi aliniuliza pa kuitunza. Swali lake ni soko, lakini sikuona mtoa huduma yeyote aliyeandaa jibu la riali tano kwa mwezi kwa ajili yake.

Upande wa Unguja ulinifundisha zaidi. Nilitarajia kwamba seva ikiwa Maskati wakala wetu naye atafurahia kasi, kwa sababu ramani inaonyesha bahari moja tu kati yetu. Haikuwa hivyo. Tulipofuatilia njia ya maombi yake, tulikuta yanapanda hadi Ulaya na kushuka tena Oman, kwa hiyo kwake mfumo ulikuwa mzito kuliko ulivyokuwa Ujerumani. Fundi wa kituo cha data alinieleza kwamba njia ya mtandao haifuati ukaribu wa nchi, bali mikataba ya kubadilishana mawasiliano baina ya kampuni za intaneti, na kwamba kampuni ya upande wa wakala wetu ilikuwa ikikutana na kampuni ya upande wetu kwa mara ya kwanza huko Marseille, Ufaransa. Nililifikiri jambo hilo kwa siku nyingi. Majahazi yaliyotweka tanga kwa upepo wa kaskazi yalishuka kutoka pwani hii hadi Unguja bila kuiona Ulaya, na barua za babu zetu zilifika kwa njia hiyo.

Nyaya zenyewe zipo. Mkongo wa TEAMS umeunganisha Mombasa na Fujairah, hatua chache kutoka mpaka wa Oman, tangu mwaka 2009, na mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000, una vituo vya pwani Oman, Kenya na Tanzania. Pwani ya Oman ina bahati ya kijiografia ambayo majirani wengi wa Ghuba hawana: Barka na Salalah ziko nje ya Mlango wa Hormuz, hivyo meli inayotandika mkongo kati ya Asia na Ulaya inaweza kutua bila kuingia ndani ya Ghuba. Kwa sababu hiyo mikongo mingi imeshuka hapa, na Equinix, kampuni ya kimataifa ya vituo vya data, pamoja na Omantel, kampuni ya simu ya Oman, walijenga kituo cha data Barka, ambako kampuni za mawasiliano zinaweza kukutana na kubadilishana mizigo yao ya data. Upungufu uliobaki ni wa kibiashara: kampuni za Afrika Mashariki na za Oman zikutane huku kwetu badala ya Marseille. Fundi wetu aliliwasilisha ombi letu, na baada ya miezi minne njia ilibadilika; sasa wakala wa Unguja hufungua ankara kwa nusu ya muda aliokuwa akiutumia.

Nchi yenye watu milioni tano hivi haiwezi kulikuza soko lake la teknolojia kwa kuwauzia wakazi wake peke yao, na hapa ndipo ninapoona nafasi kubwa kuliko zote. Wenye wingu wakubwa wa dunia waliweka vituo vyao kwingine: Amazon ilifungua Bahrain mwaka 2019, Microsoft ikafungua Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka huohuo, na Google ikaenda Doha mwaka 2023. Oman haitashinda kwa kuwaiga hao. Inaweza kushinda kwa kuwa bandari ya data ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo kampuni ya Mombasa, ya Dar es Salaam au ya Karachi huweka nakala yake ya pili. Nasema nakala ya pili kwa kujua kwamba Kenya ina sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote mbili zina masharti juu ya taarifa zinazovuka mpaka. Mtoa huduma wa Oman anayetaka wateja wa huko hana budi kuzisoma sheria hizo kabla ya kupanda ndege. Kati ya wanne niliozungumza nao, mmoja tu alijua kwamba zipo.

Kosa kubwa la mwaka lilitokea mwezi wa saba wa mkataba wetu. Nilikuwa na mazoea, niliyoyatoa Ujerumani, ya kuomba kila baada ya miezi mitatu nakala ya akiba irejeshwe kwenye seva ya majaribio ili nihakikishe kwamba inasomeka. Niliomba, nikajibiwa kwamba kazi itachukua saa mbili, na baada ya saa sita nikapigiwa simu kuambiwa kwamba nakala ya karibuni iliyopatikana ilikuwa na umri wa siku tisa. Hifadhi ya nakala ilikuwa imejaa, mfumo ukaacha kunakili, na onyo lilitumwa kwenye anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Hatukupoteza kitu, kwa kuwa seva yenyewe ilikuwa nzima. Lakini kama diski ingeharibika usiku wowote kati ya hizo tisa, tungepoteza mauzo ya siku hizo zote pamoja na madeni ya watu ambao hawakutia saini popote isipokuwa kwenye skrini.

Waliomba radhi kwa maandishi, wakatusamehe malipo ya mwezi mmoja, na wakaweka utaratibu wa kunitumia mimi moja kwa moja taarifa ya nakala kila asubuhi. Hatua hizo nazikubali. Jambo lililonisumbua zaidi ni jibu la meneja nilipomuuliza kwa nini hakuna aliyeona: zamu ya usiku ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akiangalia wateja wote, na wateja wakubwa ndio waliokuwa juu ya orodha. Mafundi hawatoshi. Serikali inalijua hilo, na mpango wake wa Makeen ulikusudia kuwafunza vijana 10,000 wa Kiomani stadi za kidijitali kufikia mwaka 2025, sambamba na sera ya kuwapa Waomani nafasi za kazi katika kampuni binafsi. Ni mpango mzuri, na vijana niliokutana nao waliopitia mafunzo ya aina hiyo wana ari na adabu ya kazi. Hata hivyo mtu wa kusimamia hifadhi ya data saa tisa za usiku hapatikani kwa mafunzo ya miezi michache; hupatikana kwa kukaa miaka kadhaa karibu na aliyemtangulia, na aliyemtangulia mara nyingi ni mgeni ambaye mkataba wake unaisha kabla hajamaliza kufundisha.

Upande wa kuhudumia watu nina sifa ya kutoa, tena kwa moyo mweupe. Usiku mmoja wa Ramadhani mfumo ulikataa kufunguka, nikapiga simu, na kijana aliyepokea alinisikia nikimwambia karani wangu kando kwa Kiswahili asubiri kidogo. Akaendelea na mimi kwa Kiswahili hadi mwisho, Kiswahili safi cha Unguja alicholelewa nacho na bibi yake, aliyerudi Oman na familia yake baada ya mwaka 1970. Tatizo lilikuwa cheti cha usalama kilichokwisha muda, nalo lilimalizika kwa dakika ishirini. Maskati ina watu wengi wa aina yake, wanaozungumza Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Mtoa huduma anayetaka soko la Afrika Mashariki tayari anao mabalozi wake ndani ya jengo, wakikaa kwenye dawati la simu bila kupewa kazi hiyo.

Kwa mwaka mzima seva yetu ilisimama mara tatu, jumla ya saa nne na nusu, na mara moja kati ya hizo tulitaarifiwa mapema. Seva ya Ujerumani haikuwahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa kampuni yenye wateja wa Oman, yenye taarifa za watu, na yenye mtu mmoja anayeweza kufuatilia mambo kwa ukaidi, huduma hii naipendekeza. Kwa mwenye duka asiye na mtu huyo, bado siwezi kumwambia aichukue peke yake bila nakala nyingine mahali pengine, na awe ameijaribu nakala hiyo kwa mkono wake.

Wiki iliyopita tuliongeza mkataba kwa mwaka mmoja mwingine. Walitaka mitatu kwa punguzo la asilimia 20, tukakataa. Badala yake tuliandika masharti mawili mapya ambayo mwanzoni walisema si ya kawaida kwa mteja wa kiwango chetu: kwamba nakala za akiba zijaribiwe kila robo mwaka mbele yetu, na kwamba tukikaa siku mbili mfululizo bila nakala mpya, malipo ya mwezi huo yafutwe. Meneja alikaa na karatasi kwa siku nne, kisha akasaini. Jaribio la kwanza ni Jumapili ijayo, na wakala wetu wa Unguja ameomba awepo kwenye simu.